Saa Iliyoanzia Kumi

Fundi wetu kazaliwa lini na baba yake nani, hayo waulizeni watu wa kisiwa cha Makoongwe, maana ndo alikosema katoka. Mie namjua kuanzia pale alipofungua gereji yake ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza yangu, barabara hino ya kwendea Tumbe. Mie nasuka ukili wa mikeka, yeye anafungua magari, kati yetu lami tu. Mtu ukimtazama hivyo mwaka nenda mwaka rudi, mbona utamjua! Utamjua mpaka anavyokohoa.

Kazi yake ilikuwa masikio. Wenziwe wana vifaa vya kupimia, yeye hana. Gari ikija anamwambia dereva, "Itie moto, kisha nyamaza." Anafumba macho, anainamia injini kama mtu anayenong'onezwa, halafu anaingiza bisibisi kwenye kabureta, anazungusha kidogo, anarudisha kidogo. Kisha anasema, "Ilikuwa na njaa hii." Au, "Hii imevimbiwa." Basi. Ugonjwa wa gari kwake ulikuwa huo, njaa ama kuvimbiwa. Hewa nyingi mafuta kidogo, gari ina njaa, inapata moto mpaka inaungua ndani kwa ndani. Mafuta mengi hewa kidogo, imevimbiwa, inatoa moshi mweusi kama jiko la tambi, lile la mafuta ya taa, ulilolipandisha tambi kupita kiasi. Mie hapo nlimwelewa papo hapo. Nani hapa asiyejua jiko la tambi?

Masikio hayo ndo yaliyomwacha. Hayakumwacha kwa siku moja, yalikuwa yanaondoka kidogo kidogo, na hofu yake ikawa moja tu, watu wasijue. Maana sote tulikuwa tunamwita Fundi, hata watoto, hata imamu. Jina lake la kuzaliwa nani aliyekuwa analijua? Huo ufundi ukimtoka, watu wamwite nani?

Lakini ngojeni kwanza, mtu si masikio matupu.

Alikuwa na kofia nyeupe ya kushona kwa mkono, na kofia hiyo haijaona hata tone la oili. Shati jeusi, suruali nyeusi, kucha nyeusi, kofia nyeupe pe! Akitaka kuingia chini ya gari anaivua, anaitundika kwenye kioo cha pembeni cha hiyo gari. Ukipita ukaiona kofia kwenye kioo, jua mwenyewe yuko chini, usimtafute. Jioni ananawa kwa mafuta ya taa, kisha ndimu, kisha sabuni, na bado akija kuchukua mkate kwangu nampa kwa karatasi, asiuchafue.

Magari alikuwa anayatukana. Watu hatukani, hata mtu amwibie, lakini gari, astaghafirullah! "Mpumbavu we, unakula kama bwana harusi na kazi hufanyi!" Nlikuwa naacha ukili nacheka. Kisha ikikaa sawa anaipiga kofi boneti pole pole, "Haya, pumua mwanangu, pumua."

Na kuendesha alikuwa hajui. Wallahi tena. Siku moja mtu kamwachia gari juani, jua linaipasua, akaita vijana waisukume mpaka kivulini. Nkamwambia, "Fundi, weye unaitengeneza gari hata kuisogeza huwezi?"

Akanitazama. "Bi Mize, mikeka yote uliyosuka, umelalia mingapi?"

Nkarudi kwenye ukili wangu.

Jambo jengine, mtu kazaliwa kisiwani, kazungukwa na maji, na bahari anaiogopa kuliko nyoka. Kwao alikuwa haendi mpaka pafe mtu. Aliyevuka nae aliniambia alifumba macho tangu Mkoani mpaka wanatia nanga, anasoma yasini.

Vifaa alikuwa anavidharau. Kuna bwana alikuja na gari ina visaa vitatu vya kupimia injini vimepangwa juu ya dashibodi, Fundi akavitazama hivyo akasema, "Mtu anayengoja saa imwambie kama ana njaa, huyo mgonjwa." Maneno hayo yalizunguka mpaka Gando. Ndo maana tulishangaa sana baadaye, alipojitafutia ya kwake.

Mie nlijua kabla ya watu. Mwanangu Hamadi alikuwa na pikapu ya kubebea samaki, anawatoa Tumbe anawapeleka Wete. Asubuhi moja kaileta pikapu gereji, honi imekwama. Haizimiki! Inalia vuuu, kuku wamekimbia, mtoto wa jirani kaamka analia, mie nimeziba masikio kwa ukili. Fundi kakaa juu ya tairi, kageuza mgongo, anakunywa chai. Anapuliza kikombe, taratibu, kama mtu aliye peke yake shambani. Hamadi kamgusa bega ndo akageuka, akaona tumeziba masikio sote, na uso wake nao ukabadilika kwa haraka, akaanza kukunja sura eti kelele zinamuumiza.

Nkasema moyoni, Mize, hiyo ndo hiyo.

Nkaanza kuangalia. Nkaona kumbe kakipachika kioo cha gari kwenye nguzo ya gereji ili aone nani anakuja nyuma yake. Nkaona akizungumza na mtu hatazami macho, anatazama mdomo. Na kusikiliza injini kwake kulikuwa kumegeuka, hafumbi macho tena, anaweka kiganja juu yake, kama mtu anapima homa ya mtoto.

Kiganja hakikutosha. Siku si nyingi pikapu ya Hamadi ikaungua pistoni njiani, siku mbili tu baada ya Fundi kuigusa kabureta. Ilikuwa na njaa, na yeye hakuisikia. Samaki waliharibika palepale. Hamadi hakusema neno baya, lakini alikuja akakaa kwenye baraza yangu akaniuliza, "Mama, huyu mzee vipi siku hizi?"

Nkamwambia, "Kachoka tu."

Jioni nkavuka barabara na bakuli la muhogo. Nkasimama mbele yake, usoni hasa. "Fundi. Weye husikii."

"Nani kakwambia?"

"Honi."

Akala muhogo kipande kizima kabla ya kunijibu. "Bi Mize, fundi kiziwi ushamwona?"

"Sijamwona."

"Hata mie sijamwona. Maana gari hawamletei." Akapangusa mdomo. "Usiseme."

Sikusema. Na mie kusema napenda, mnanijua.

Balaa ikaja kwa upande wa salamu. Hapa kwetu mtu kumnyima kitu utasamehewa, lakini salamu ya Mungu mtu kaitoa na weye umenyamaza, hilo halisameheki. Fundi akawa hajibu. Kainama kwenye injini, mtu anapita nyuma, "Asalaam alaykum Fundi!" Kimya. Kile kioo cha nguzoni kinaona upande mmoja tu. Wengine wakasema ana mambo yake, wengine wakanuna. Aliyenuna kuliko wote alikuwa mzee wa mnada, yule aliyekuwa ananadi samaki pale diko la Tumbe, ngalawa zinaposhusha. Sauti yake ile, akinadi kolekole Tumbe, mie huku naweza kujua bei. Kamsalimia Fundi siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu kasimama katikati ya barabara, kashika kiuno.

"Haya! Salamu ya Mungu nayo ina kodi? Bwana mkubwa hashughuliki na sie wavuvi!"

Fundi kimya, bisibisi inazunguka.

"Kiburi hicho, Fundi! Kiburi!" Akenda zake. Na mzee yule akikasirika hakasiriki peke yake, anakasirika na mnada mzima. Wiki ile ile pikapu za Tumbe zikaanza kupita bila kusimama. Fundi alikuwa anaziona kwenye kile kioo zinapita.

Hapo ndo ikaja ile saa. Mpwa wake yuko Maskati, alimletea boksi. Watu walidhani ni kanzu. Akalifungua mbele yangu, akatoa kidude cha duara, kina kioo na sindano, ukubwa wa kifuniko cha kopo la maziwa, na waya zinaning'inia.

"Saa hiyo," nkamwambia.

"Saa ya pumzi," akasema. "Hii inakwambia gari inavyopumua. Hewa kiasi gani, mafuta kiasi gani."

Mie kusoma kwangu ni juzuu na namba, basi namba nkazisoma. Mbona saa gani hii! Haina moja, haina sita. Inaanzia kumi, inapanda mpaka ishirini. "Fundi, umepigwa. Saa hii wamekuuzia mbovu, adhuhuri haimo."

Akacheka mpaka akakaa chini. Sikupata kumwona akicheka namna ile. Akaniambia ikisimama kumi na nne na ushei, gari imeshiba vizuri. Ikishuka, imevimbiwa. Ikipanda, ina njaa. Kisha akacheka tena peke yake, "Adhuhuri haimo!"

Hamadi akakubali ifungwe kwenye pikapu yake. Mwanangu moyo anao, injini mpya na mzee yule yule. Fundi akatoboa ekzosi, akachomelea mdomo wa nati, akakaza pale kitu kama plagi, ndo pua ya ile saa, hiyo inanusa moshi. Kisha waya. Nyekundu ya moto, hakuitoa kwenye betri moja kwa moja, kaitoa kwenye swichi ya ufunguo, ili saa ilale gari ikilala. Nyeusi ya ethi, ya kurudisha umeme, hiyo hufungwa kwenye chuma cha bodi. Nyeupe inatoka kwenye pua. Ya chungwa ya taa, usiku ionekane. Sasa zile waya zikawa hazitulii. Anazibana huku zinachomoka kule, moja ikaegemea ekzosi ikaanza kuyeyuka. Akaanza kutukana.

"Toa huko," nkamwambia, "nipe mie." Nkakaa mlangoni mwa pikapu nkazisuka. Ukili wa njia nne, msuko wa pindo la mkeka, nyekundu inapita juu ya nyeupe, ya chungwa chini ya nyeusi. Zikatulia kama msichana kasukwa kwa harusi. Fundi akaushika ule msuko akauvuta, hauachii. Akasema, "Bi Mize, weye fundi umeme." Nkamwambia, "Na weye huwezi kusuka."

Ufunguo ukazungushwa. Saa ikawaka, sindano ikapanda mpaka mwisho, ishirini, kisha ikarudi chini, kama mtu kaamka anajinyoosha. Tukapiga kelele sote.

Basi siku ya kuipima ikawa siku ya watu. Wamesikia Fundi aliyekuwa anatukana saa kafunga saa, nani akae nyumbani? Mzee wa mnada nae kaja, kajifanya anapita, kasimama karibu na baraza yangu, bado kanuna. Hamadi kaitia moto pikapu. Fundi kainama, mkono mmoja kwenye kabureta, macho kwenye saa kupitia kioo cha mbele.

Sindano ikapanda. Kumi na sita. "Njaa," anasema Fundi, anafungulia mafuta. Sindano ikaanguka, kumi na moja. "Aa, imevimbiwa," anabana. Ikapanda. Ikaanguka. Inapanda inaanguka, inapanda inaanguka, na Fundi nae, fungua bana, fungua bana, jasho linamtoka. Na kumbe jamani! Hamadi kaacha redio, kaswida inapigwa, madufu hayo, du-du-dum, du-du-dum! Na ile waya nyeusi ya ethi Fundi kaifunga kwenye bati la redio. Dufu likipiga, sindano inaruka. Dufu likinyamaza, inakaa. Watu wakaona kabla yake.

"Saa inacheza kaswida!"

"Mpeni kanzu hiyo saa!"

Wanacheka wanashikana. Mtoto gani asiyesikia yale madufu? Sote tunayasikia, mpaka mbuzi. Mmoja tu hayasikii, na kainama pale anaikimbiza sindano ile kwa bisibisi, na mie nlikuwa nimeshika ukili wangu hata siusuki. Nlijua sasa hivi watajua.

Mzee wa mnada alikuwa anacheka kuliko wote. "Fundi!" akaita. "Fundi, zima redio!" Kimya. Akakaribia. "Fundi, nakwambia zima redio bwana!" Ile sauti ya kolekole, nyuma ya sikio hasa. Fundi hakutikisika hata ukope. Fungua, bana.

Kicheko kikafa. Kikafa mmoja mmoja, kama taa zinazimwa.

Mzee wa mnada akazunguka. Akapita mbele ya pikapu, akasimama upande wa pili wa boneti, pale Fundi akiinua macho atamwona tu. Akangoja. Fundi akainua macho. Mzee akaweka mkono kifuani, akafungua mdomo kila herufi peke yake, "Asalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," Fundi akajibu, yote, na jasho linamdondoka. "Mbona hupiti kunisalimia siku hizi?"

Wallahi kasema hivyo. Mzee akanyoosha kidole kwenye redio, akaziba masikio, akatikisa kichwa kwa madufu. Fundi akatazama redio. Akatazama saa. Akatutazama sie mmoja mmoja. Akajua tumejua. Akaenda akaichomoa ile ethi kwenye redio, akakwangua rangi kwenye bodi mpaka chuma cheupe kikatoka, akaifunga pale. Sindano ikatulia. Kumi na nne na ushei.

"Hiyo ndo saa ngapi?" mtu akauliza nyuma.

Mie nkamjibu, maana Fundi hakusikia, "Saa ya kwenda kazini, ondokeni."

Sasa mzee wa mnada kufika Tumbe akanadi kama kawaida yake. "Fundi hakukosa adabu, kakosa masikio! Msalimieni usoni!" Kwa mdomo ule ule akamrudishia heshima na akampunguzia kazi. Watu wakawa wanavuka barabara kumsalimia, wanaweka mkono kifuani, wanainama kama mbele ya shehe. Kisha gari zao wanapeleka Wete. Fundi aliniambia, "Salamu ninazo za kutosha, Bi Mize. Ningepata na plagi chafu moja." Hamadi hakumwacha, na wachache wengine, na pikapu ile haikuungua tena mpaka alipoiuza. Siku ya kuiuza Fundi aliifungua ile saa akaichukua na waya zake. Baadaye zikaja gari za kompyuta, hata wenye masikio wakakosa kazi, na yeye akafunga gereji akaenda kukaa nyumbani kwake, ndani huko kwenye mikarafuu. Mke alishatangulia zamani, watoto wako Unguja.

Nkawa nasikia watu, "Fundi siku hizi hapokei wageni." Mtu kenda, kapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hodi ikifika tatu bila jibu ndo mwisho, adabu inataka urudi. Wanarudi. Nae yumo ndani anangoja mtu.

Nlikaa sana bila kwenda, magoti haya. Siku nliyokwenda nkamchukulia mkate wa kumimina, safari hii bila karatasi. Nkafika mlangoni nkavuta pumzi nipige hodi, mara nkaona kwenye mwimo wa mlango kuna kidude cha honi ya gari, cha kubonyeza, na waya inatoka hapo inapita juu ya mlango inaingia ndani. Waya ile nkaishika. Rangi zimefifia, nyekundu imekuwa kama chai, lakini mkono wangu siusahau. Njia nne, msuko wa pindo.

Nkabonyeza.

Dirisha lilikuwa wazi. Nkaona ukutani mle ndani, mbele ya kiti chake, ile saa inawaka, betri ya gari chini yake. Sindano ikapanda mpaka ishirini, ikajinyoosha, ikarudi chini. Na sauti ikatoka:

"Waalaykumu salaam! Ingia!"

Nkaingia. Kakonda, kofia bado nyeupe pe. Nkasimama usoni kwake. "Fundi, mbona umejibu salamu sijaitoa?"

Akautazama mdomo wangu, akacheka. "Nishachoka kuambiwa sijibu. Siku hizi najibu kwanza, atakaetaka kusalimia atasalimia."

Tukala mkate. Mikono yake myeupe, sijapata kuiona, kama ya karani. Tukazungumza, yaani mie nazungumza yeye anatazama, na kwa mtu kama mie nani bora kuliko huyo? Akaniuliza ya Hamadi, akaniuliza magoti, akaniuliza kama ile gari aliyoiuza bado inapumua.

Nkaaga. Kutoka nje, mlango ushafungwa, nkatazama huku nkatazama huku, hakuna mtu. Nkabonyeza tena, kwa uchokozi tu.

"Waalaykumu salaam! Ingia!"

Nkakimbia na magoti yangu haya, mpaka barabarani nacheka.